Popa inayosikika vizuri na kunasa vibaya: uchambuzi wa kisa kimoja

Malalamiko yalikuwa matano, na mwenye popa (chambo bandia cha kuvulia samaki, kinachoelea juu ya maji) aliyamwaga yote kwa pumzi moja. Samaki wanaipiga, maji yanaruka, lakini hawanasi. Ikitua, mara nyingi inalala ubavu, na wakati mwingine ncha ya ndoana inaangalia juu. Ukiivuta kwa nguvu inachimba pua na kupotea chini badala ya kubaki juu. Ikishang'atwa mara chache, sponji ya kiwiliwili chake inaanza kuzunguka kwenye chuma cha ndoana, yaani unaigeuza kwa kidole na inageuka. Na la mwisho, nailoni ya mbele, ile inayounganisha mshipi na popa, inajisokota kiasi kwamba mshipi ukilegea tu, inajifunga vifundo yenyewe.

"Rangi nimebadilisha, mdomo nimeuchimba zaidi," alisema. "Sauti ipo, ndugu yangu. Samaki ndiye hayupo."

Sauti ilikuwepo kweli. Aliivuta moja mbele yangu, mvuto mfupi wa mkono, ikatoa ule mlio mzito ambao kila anayetengeneza popa anautafuta. Na hapo ndipo alipopotezwa. Kwa kuwa mlio ulikuwa sawa, aliamini umbo nalo liko sawa, basi akawa anatafuta kosa kwenye rangi, kwenye saa ya kuvua, hata kwenye tabia ya samaki wa eneo lile. Kumbe malalamiko matatu kati ya yale matano yalitoka kwenye uamuzi mmoja, tena wa mwanzo kabisa wa kazi: shina la ndoana, yaani sehemu yake ndefu kati ya tundu na mpindo, lipite wapi ndani ya sponji.

Kwa asiyeuzoea uvuvi wa nzi bandia, jambo la kushika ni kwamba chambo chenyewe hakina uzito wa kujirusha. Kinachorushwa ni mshipi, nao mshipi ndio unaombeba nzi. Popa ni nzi mnene anayeelea, mwenye uso bapa au uliochimbwa kidogo mbele. Ukivuta mshipi, uso huo unasukuma maji na kutoa mlio. Samaki wawindaji, hasa besi wa mdomo mkubwa, hupanda juu wakidhani ni chura, panzi au kisamaki kinachohangaika.

Zamani kiwiliwili cha popa kilikuwa cha koki. Ernest Peckinpaugh wa Chattanooga, Tennessee, hutajwa mara nyingi miongoni mwa waliozieneza popa za koki huko Marekani mwanzoni mwa karne ya 20. Mbao nyepesi ya balsa nayo ilipata wapenzi wake. Lakini kwa mtu anayetengenezea mezani kwake, sponji imezishinda zote mbili. Inakatika kwa wembe, haina vitundu vya kuziba kabla ya rangi, na ile ambayo viputo vyake vya hewa vimefungwa kila kimoja peke yake hainywi maji hata ikitobolewa na meno. Soli ya ndara, ile ya plastiki laini iitwayo EVA, ni ya jamii hiyo. Sponji ya godoro siyo. Hiyo viputo vyake viko wazi, inakunywa maji na kulegea. Ile nyeupe ya kufungashia vyombo vya umeme, polistireni, inaelea vizuri mno lakini inayeyuka ikiguswa na gundi au rangi yenye asetoni au kiyeyushi cha jamii hiyo, hivyo mtu aliyezoea kupaka popa zake rangi ya kucha ataishia na shimo badala ya uso.

Huyu bwana alichagua vizuri. Sponji yake ilikuwa ya soli ya ndara, ngumu kiasi, ya rangi moja hadi ndani. Aliikata kwa kipande cha bomba la shaba alilolinoa ukingo, akaliweka kwenye drili na kulizungusha polepole. Vipande vilitoka mviringo safi, vya kipenyo cha milimita 12 na urefu wa milimita 20. Uso aliuchimba kwa kichwa cha mviringo cha kusagia. Mkia ulikuwa manyoya manne ya shingo ya jogoo, mawili kila upande, na miguu ya mpira ilipitishwa kwa sindano. Ukiitazama juu ya meza, ilikuwa kazi ya kupendeza.

Ndoana zilikuwa namba 4, zenye shina refu lililonyooka, zile za kufungia nzi wa kuzama. (Kwa anayeanza: namba za ndoana hizi zinakwenda kinyume. Namba 10 ni ndogo kuliko namba 4. Ukishafika 1 ndipo zinageuka kuwa 1/0, 2/0 na kuendelea kukua.) Alipasha sindano nene moto, akaipitisha katikati ya kiwiliwili kutoka nyuma hadi mbele, akatia supagluu, kisha akasukuma ndoana mpaka tundu lake la kufungia nailoni likachungulia katikati ya uso uliochimbwa. Alipitisha katikati kwa sababu katikati ndiko kunakoonekana sawa. Hakuna mtu ambaye angemwona amekosea.

Tuchukue rula. Mwanya wa ndoana ile, yaani nafasi kati ya shina na ncha, ulikuwa milimita 8. Kiwiliwili kina kipenyo cha milimita 12, na shina limepita katikati, kwa hiyo chini ya shina kuna milimita 6 za sponji. Ukitoa 6 kwenye 8 zinabaki 2. Mwanya wa milimita 8 ulionunuliwa umegeuka mwanya wa milimita 2. Na kwa kuwa kiwiliwili kilikuwa kirefu, ukingo wake wa nyuma ulifika karibu kabisa na usawa wa ncha, basi hapakuwa na upenyo wa kukwepea. Samaki anafunga mdomo, anakutana na sponji, mshipi unakazwa, popa inateleza nje ya mdomo ikiwa imelalia tumbo lake, na ncha haikugusa kitu.

Kuna jaribio rahisi la kuliona hili bila samaki. Kunja taulo nene mara mbili, lilowanishe, uliweke mezani, kisha ulaze popa juu yake na kuivuta kwa nailoni huku ukiibonyeza kidogo kwa kidole. Popa zile zilipita juu ya taulo moja baada ya nyingine bila kukwama. Moja ilichomoa uzi mmoja wa taulo, ikaendelea na safari. Nikachukua ndoana tupu ya namba ileile, ikajichimbia kwenye kitambaa palepale. Mwenyewe alinyamaza kidogo, kisha akairudia popa ya kwanza, akaivuta mara ya pili, na ya tatu.

Ushahidi mwingine ulikuwa kwenye rangi. Popa zilizokwisha kupigwa na samaki zilikuwa na mikwaruzo ubavuni na tumboni, pale samaki alipofunga mdomo. Maana yake samaki walikuwa wanaingiza popa mdomoni. Hawakuwa wanaikosea shabaha wala kuisukuma kwa mkia kwa hasira, maelezo ambayo wavuvi wengi huyakimbilia. Popa ilikuwa ndani ya mdomo, na ikatoka.

Sasa kulala ubavu. Hapa watu wengi wangeongeza uzito chini, wabandike kipande kidogo cha madini ya risasi tumboni, na kwa kufanya hivyo wangeua mlio. Chanzo ni umbo. Kitu cha mviringo kamili hakina upande kinachoupendelea majini. Gogo la duara ukilisukuma kwa kidole linageuka, na litatulia popote litakapotulia. Popa ile ilikuwa gogo dogo. Kitu pekee kilichokuwa kinaivuta ikae wima ni uzito wa mpindo wa ndoana unaoning'inia chini, kwa sababu shina lenyewe, likiwa katikati, halikuwa linasaidia upande wowote. Na dhidi ya uzito huo mdogo alikuwa ameweka tabaka kadhaa za rangi ya kucha mgongoni, macho ya plastiki yaliyobandikwa juu, na manyoya yaliyofungwa juu ya shina ambayo yakilowa yanakuwa mazito. Juu na chini vilikaribia kulingana. Upepo kidogo, au mshipi kutua kwa kujipinda, ulitosha kuilaza.

Shina likishushwa karibu na tumbo, uzito wote wa chuma unahamia chini na sponji yote inabaki juu. Ukiongeza jambo moja, kulisawazisha tumbo kwa msasa liwe bapa, popa inaacha kuwa gogo. Haihitaji kukwangua sana. Kwenye kiwiliwili cha kipenyo cha milimita 10, ukiondoa milimita 1 tu tumboni unapata bapa la upana wa milimita 6.

La kuchimba pua linahusu mahali nailoni inapovutia. Unapovuta, maji yanaukandamiza uso mzima, na unaweza kuichukulia nguvu hiyo kana kwamba imekaa katikati ya uso. Kama tundu la ndoana nalo liko katikati, mvuto na ukinzani vinatazamana ana kwa ana, na popa itafuata kasoro yoyote ndogo iliyoko: uso uliokatwa mshazari bila kukusudia, au nailoni iliyozama na kuivuta pua chini. Kama tundu liko chini ya katikati, mvuto unapita chini na ukinzani unakaa juu, na pua inanyanyuka. Ndiyo popa inayotema maji mbele badala ya kuyachimba. Mshazari nao una kanuni yake. Mdomo wa juu ukitangulia mbele kidogo kuliko wa chini, popa inapanda. Wa chini ukitangulia, inazama, na wapo wanaoutengeneza hivyo kwa makusudi kwa nzi wa kupiga mbizi. Popa mbili kati ya zile zilikuwa na mdomo wa chini uliotangulia kwa sababu bomba la drili liliinama wakati wa kukata. Bwana huyu alipoona zinachimba, alizidi kuuchimba uso ili upige kelele zaidi, na kila alivyouchimba ndivyo ulivyoyakamata maji zaidi na kuzama zaidi.

Mtu anayejua historia ya nzi hawa anaweza kunipinga hapa, na pingamizi lake lina uzito. Bob Popovics wa New Jersey alibuni popa mashuhuri iitwayo Bob's Banger, na kichwa chake cha sponji kimetobolewa katikati na kuvishwa kwenye ndoana bila hata gundi, ili mvuvi akibadilishe akitaka. Inanasa vizuri sana. Kwa nini yeye katikati imemfaa? Kwa sababu ndoana yake ni kubwa, ya maji chumvi, yenye mwanya mpana na shina refu, na kichwa cha sponji kinakaa mbele kabisa, mbali na ncha. Tatizo la kisa chetu halikuwa tundu la katikati peke yake. Lilikuwa tundu la katikati kwenye ndoana yenye mwanya mdogo na kiwiliwili kirefu. Ukitaka kubaki na tundu la katikati, nunua ndoana kubwa zaidi na fupisha sponji. Kwa vifaa alivyokuwa navyo, njia hiyo ilikuwa imefungwa.

Ukitazama mitindo mingine ya sponji iliyodumu, utaona imelikwepa jambo hili kila mmoja kwa namna yake. Gurgler ya Jack Gartside imetengenezwa kwa ukanda wa sponji bapa uliokunjwa juu ya shina, na mbele ukaachwa mdomo umesimama. Chini ya shina karibu hakuna sponji. Crease Fly ya Joe Blados ni karatasi ya sponji iliyokunjwa na kugundishwa kuzunguka shina kiasi kwamba shina linakaa kwenye ukingo wa chini. Mwanya umebaki wazi katika zote mbili. Sidhani ni bahati.

Uamuzi wa kushusha shina ulitatua matatu na ukazidisha la nne, lile la sponji kuzunguka. Tundu la katikati, pamoja na ubaya wake, linalishika shina kutoka pande zote. Mkato wa tumboni wenye kina cha milimita 2 unalishika kwa ukuta mwembamba. Kwa hiyo kabla ya kukata chochote ilibidi tuulize kwa nini hata zile za katikati zilikuwa zinazunguka.

Niliomba mojawapo, nikaipasua. Supagluu ilikuwa imeshika sponji barabara. Kwenye chuma ilikuwa imebanduka safi, imeacha mfereji mgumu unaong'aa ambamo ndoana ilikuwa inazunguka kwa raha. Chuma kilikuwa kitupu. Shina laini, la mviringo, ndani ya gundi inayokuwa ngumu na yenye kuvunjika kirahisi, halina cha kung'ang'ania pale samaki anapopinda popa kwa nguvu. Ukiongeza gundi unaongeza unene wa mfereji, basi.

Wanaouza ndoana za popa wamelitatua hili kwa kulipinda shina, likawa na nundu ndogo inayoingia juu ndani ya sponji. Nundu haiwezi kuzunguka bila kuipasua sponji. Ukiwa nazo, tumia hizo na usome aya inayofuata kwa kujifurahisha tu. Kujaribu kuipinda mwenyewe ndoana iliyonyooka kwa koleo sikushauri. Chuma chake kimefanywa kigumu kiwandani, na ama kitavunjika mikononi mwako au kitapata ufa usiouona, kije kivunjike mdomoni mwa samaki uliyemsubiri.

Kwa ndoana iliyonyooka dawa ni kuifanya isiwe ya mviringo. Tuliiweka ndoana kwenye jiliwa, tukazungushia uzi mnene kutoka nyuma ya tundu hadi pale kiwiliwili kitakapoishia, tukarudi, tukaenda tena, bila kuupanga vizuri. Uzi uliopangwa ovyo ndio unaotakiwa hapa, maana mabonde yake ndiyo gundi inakoshika. Kisha tukalaza vipande viwili vifupi vya nailoni nene, kimoja kila ubavu wa shina, tukavifunga kwa uzi uleule na kulowesha yote kwa supagluu nyepesi. Ukilikata shina hilo kimawazo, halionekani tena duara. Limekuwa bapa, upana wake umezidi kimo chake, na kitu bapa ndani ya mkato hakizunguki. Ikishakauka, kiwiliwili kinaingia kwa epoksi ya taratibu badala ya supagluu, kwa sababu supagluu inakupa sekunde chache tu na ukishaingiza shina likiwa limepinda limepinda moja kwa moja. Epoksi inakuachia muda wa kuitazama popa kutoka mbele, nyuma na juu, na kuinyoosha.

Kiwiliwili kipya kilikuwa cha milimita 10 badala ya 12. Hii haikuwa kwa ajili ya mwanya tu. Alikuwa anarusha kwa mshipi namba 6, ambao mita 9 zake za mbele, kwa kipimo cha kawaida cha mishipi hii, zina uzito wa greni 160, kama gramu 10.4. Mshipi namba 8 una greni 210, gramu 13.6, na ndio unaozoeleka kwa popa nene. Kubadilisha ufito na mshipi ni gharama kubwa, kupunguza sponji ni bure. Uso wa milimita 10 una eneo dogo kwa takriban asilimia 30 kuliko wa milimita 12, na hewa inaukinza kwa kiasi hicho pungufu. Kuelea hakukuwa shaka. Kiwiliwili kipya, hata baada ya kusawazishwa tumbo, kilikuwa na ujazo wa kama sentimita 1.5 za ujazo, maana yake kinaweza kubeba gramu 1.5 kabla ya kuzama, na popa nzima kwenye mizani ndogo haikufika gramu 1.

Mpangilio wa kazi ukawa hivi: msasa mkali kidogo kwenye ngozi ya nje ya sponji ili gundi na rangi zishike, tumbo bapa, uso uliochimbwa kwa kina kidogo na mdomo wa juu ukitangulia kwa unywele, nyuma ya kiwiliwili kupunguzwa unene kuelekea mkiani, kisha mkato mmoja ulionyooka tumboni kwa wembe mpya. Shina likaingia, chini yake ikabaki kama milimita 1 ya sponji. Mwanya ulio wazi ukapanda kutoka milimita 2 hadi 7. Kwenye taulo popa ya kwanza kukauka ilijichimbia kabla haijasogea urefu wa kidole. Rangi tuliipunguza hadi kalamu ya wino usiofutika na tabaka moja jembamba juu yake. Rangi ngumu juu ya sponji inayobonyea itapasuka tu, na samaki anaiona popa kutoka chini, ambako mgongo wenye mapambo hauonekani.

Lilibaki la nailoni kujisokota, ambalo halihusiani na shina kupita juu au chini. Popa inazunguka hewani kama haifanani kulia na kushoto, na kila mzunguko unaingia kwenye nailoni. Kwenye zile za zamani tulilipata kwa kuangalia mkia kutoka nyuma: manyoya ya upande mmoja yalikuwa yamepinda kuelekea nje, ya upande wa pili kuelekea ndani. Ilikuwa propela. Manyoya ya jogoo yana upande wa ndani uliobonyea, na jozi zinapaswa kutazamana au kupeana migongo kwa usawa, si moja hivi na nyingine vile. Miguu ya mpira nayo ilikuwa mirefu upande wa kulia. Na nailoni yenyewe ilikuwa nyembamba na ndefu mno kwa kazi hii. Tuliweka fupi, mita 2 na kidogo, nene na ngumu zaidi, ya nailoni ya kawaida na si ule uzi mwingine wa kuvulia, florokaboni. Florokaboni ni nzito, gramu 1.78 kwa sentimita ya ujazo dhidi ya 1.14 za nailoni, hivyo inazama haraka na kuivuta pua ya popa chini, ugonjwa uleule tuliokwisha kuutibu.

Jaribio la majini lilihitaji nidhamu kidogo. Mtu akibadilisha kila kitu kwa pamoja na akanasa, hajui alichotengeneza. Kwa hiyo aliibakiza nailoni mpya kwa zote, akawa anazibadilishana popa ya zamani na mpya kwenye ukingo uleule wa magugu, saa ileile ya jioni, zote za rangi moja. Mpya zilikaa wima kila zilipotua. Zilinasa. Za zamani ziliendelea kupigwa na kuachwa kama kawaida yake. Mlio wa mpya ulikuwa mdogo kuliko wa zamani, na kwa mapigo tuliyoyaona, samaki hawakuonekana kujali.

Lakini hata mpya alizikosesha samaki kadhaa, na hapo ndipo mkono wake ulipojitokeza. Alikuwa anainua ufito mara tu anaposikia maji yakipasuka. Samaki anapopiga popa, mlio unakufikia kabla hajafunga mdomo na kugeuka. Ukiinua ufito wakati huo unaichomoa popa kinywani na kuirusha hewani, na ukikosa huna la pili, popa iko mita tatu nyuma yako. Ufito unapaswa kubaki umeelekea chini, ncha karibu na maji, na mkono wa mshipi ndio unaovuta kwa urefu pale unapouhisi uzito, si unapousikia mlio. Ukikosa kwa njia hii, popa imesogea sentimita chache tu na samaki bado yuko chini yake, mara nyingi anarudi. Kama tungeanza na mkono wake kabla ya popa, tungemlaumu kwa yote, na yeye angekubali, maana wavuvi wepesi wa kujilaumu ni wengi. Popa yenye mwanya wa milimita 2 ingemshinda hata mwenye mkono uliotulia.

Zile za zamani hazikutupwa. Popa yenye shina katikati ina mkato mmoja tu wa kuiokoa: ishike kwa koleo kwenye mpindo wa ndoana, loweka wembe kwenye maji ya sabuni ili uteleze, kisha kata tumbo lote kwa urefu, milimita 1 chini ya shina. Kwenye kiwiliwili cha milimita 12 unaondoa milimita 5 za sponji na kubaki na umbo la nusu duara lenye tumbo bapa, shina liko chini, mwanya umefunguka hadi 7. Ujazo unaobaki ni kama sentimita 1.4 za ujazo, unatosha kuelea. Inakaa chini zaidi majini na mlio wake ni mnene na wa polepole. Kama shina lilikuwa limeanza kuzunguka, tia epoksi nyembamba kwenye mfereji wa zamani kwa ncha ya sindano kabla ya kukata, wakati sponji ya tumbo bado ipo ya kuizuia isimwagike.